Moshi wa Kuni Mbichi

Lori la kiwanda cha karatasi lilipopanda mlima wa Loma Colorada, Eusebio Rolón hakuinuka kitini. Alikuwa ameketi pale anapoketi siku zote, mbele ya nyumba, uso kwa ziwa, kikombe cha tereré, kinywaji baridi cha majani, mkononi. Akalitazama lori likibinua mzigo wake uwanjani kwa jirani. Ulikuwa tope la kijivu, zito, limelegea kama uji uliolala, na harufu yake ilifika kabla ya dereva kutoa salamu.

"Doña Delmira," akaita, "waambie hao wamekosea njia. Jalala liko upande wa pili."

"Hawajakosea. Nimewaita mimi."

"Umewalipa wakuletee uchafu?"

"Wamefurahi wenyewe kuutua. Wewe endelea kunywa tereré yako, don Eusebio, usije ukachoka."

Delmira Wasiuk alikuwa mjane na mfyatua matofali, na mdomo wake haukuwahi kupata likizo. Mtaa mzima ule ulikuwa wa wafyatua matofali. Tulihamishwa kutoka ukingoni mwa mto Paraná maji yalipopandishwa kwa ajili ya bwawa la umeme, tukapewa nyumba zenye mabomba na choo cha ndani. Udongo hatukupewa. Ule mweusi wa mtoni, mlaini, uliokuwa ukikauka juani bila kulalamika, ulibaki chini ya ziwa pamoja na matanuri yetu. Huku juu kuna udongo mwekundu tu, mzuri kwa mashamba ya yerba mate, majani ya tereré, na kwa kuharibu nguo za watoto. Ukifyatua tofali asubuhi, mchana limepasuka.

Wengine walitafuta kazi za ulinzi, wengine wakaenda mashambani. Eusebio alijaribu udongo mwekundu mara moja, ukapasuka, akalaani, akaketi. Sisemi alikuwa mvivu. Mvivu hukaa ili apumzike, na Eusebio alikaa ili atazame, kazi ambayo ilimchosha kuliko kubeba matofali.

Mkewe, Zunilda, alivumilia kadiri alivyoweza. Alfajiri alikanda chipa, mikate yake ya wanga wa muhogo na jibini, akaenda kuiuza kituo cha basi. Akirudi alimkuta mumewe palepale akinyoosha kidole majini. Pale palikuwa na tanuri. Pale palikuwa na banda la farasi. Pale, mpera. Siku moja wakiwa mezani Zunilda alisema kwamba mpera ulikuwa kulia kwa tanuri. Eusebio akasema kushoto. Wakabishana mpaka supu ikapoa, watu wazima wawili wakigombania mti ambao samaki walikuwa wakipita matawini mwake. Zunilda alipoligundua hilo alinyamaza katikati ya maneno, akaenda kufungasha.

"Naenda kwa dada, kule Encarnación," alisema mlangoni. "Mimi niliolewa na mtu wa nchi kavu. Siku nitakayouona moshi wa tanuri lako nikiwa kule, nitajua umetoka majini, na nitarudi."

Encarnación ni pale tu, ng'ambo ya ziwa, ingawa ni nchi nyingine. Siku isiyo na ukungu unaziona nyumba zake, nyeupe, hata unaweza kuchagua moja ukasema ndiyo ile. Kuna daraja, na juu ya daraja kuna treni ndogo inayokwenda na kurudi kutwa. Lakini Eusebio hakuwahi kuvuka tangu maji yapande. Daraja linapita karibu kabisa na palipokuwa uwanja wake, na treni ile haina mapazia.

Basi akabaki na kiti chake. Sasa alikuwa na vitu viwili vya kutazama, uwanja ulio chini ya maji na mke aliye ng'ambo ya maji. Alimkosa Zunilda. Alikosa harufu ya jibini na anisi viganjani mwake, alikosa miguu yake ya baridi kitandani, alikosa hata kugombezwa. Wakati mwingine alitengeneza tereré akanyoosha kikombe upande wa kulia bila kufikiri, kikakaa hewani hakuna wa kukipokea.

Tope lilipokuwa limekauka kidogo, Delmira alikuja na donge lake kiganjani.

"Shika."

"Sitaki."

"Shika, halikuumi." Akalimegua mbele ya uso wake. Ndani mlikuwa na manyoya membamba ya kijivu. "Unaona nyuzi hizi? Fupi mno, karatasi haizitaki tena, kiwanda kinazimwaga na maji machafu. Na huu unga mweupe ni udongo, don Eusebio. Wanaupaka karatasi za magazeti ya picha ili zing'ae. Umekwenda kuwa karatasi, umerudi."

"Udongo gani unanuka hivi?"

"Na wewe ungenuka ungepita ulikopita huu."

Eusebio hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza kidogo.

"Shemeji yangu ndiye anayeendesha lori lile," Delmira akaendelea. "Alinimwagia ndoo kadhaa nizibe shimo uani. Kuku wakapita juu yake. Jua likapiga kutwa. Jioni nyayo za kuku zote ziko mahali pake, kila kucha, hakuna ufa. Nikachanganya na wekundu wetu, nikafyatua machache, nikayachoma kwenye oveni ya mkate. Yamesimama. Sasa nataka tanuri la kweli, na tanuri halijengwi na mtu mmoja. Mimi nina tope. Wewe una farasi, na unajua kupanga."

"Niliwahi kujua."

"Haya. Basi nikuambie na hili, halafu niende. Jumamosi nilikuwa ng'ambo kununua mafuta. Kuna mtu kule, kila akianika nguo anautazama mlima huu."

Kikombe kilisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Anautazama?"

"Anautazama. Haoni kitu."

Kesho yake Eusebio alimtoa Morena, jike lake la farasi lililozeeka, akalipeleka kwenye shimo la kukanyagia. Morena alinusa lile rojo, akamtazama bwana wake kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, akakataa kuingia. Ilibidi Eusebio avue viatu aingie kwanza. Alizunguka yeye mbele, farasi nyuma, tope likipenya vidoleni, na Delmira ukingoni akimwaga udongo mwekundu na kucheka mpaka akashika mbavu.

Walikosea kwanza. Wakizidisha tope, tofali lilitoka jepesi likameguka kama mkate wa juzi. Wakipunguza, ule wekundu ulirudia tabia yake. Walipopata kipimo, Eusebio alifyatua safu moja, akaipanga juani, akavuta kiti chake. Kwa mara ya kwanza kiti kile kililipa ziwa kisogo.

Mchana ukafika. Tofali halikupasuka. Alipitisha kidole pembeni, akaligeuza, akatafuta ufa hata wa unywele. Hakuupata, na badala ya kufurahi alishikwa na uchungu. Ndani yake palikuwa na mtu aliyetaka lipasuke. Mtu huyo alikuwa amesema kwamba duniani hakuna udongo mwingine ila ule wa mtoni, na miaka yote ile alikuwa na haki ya kukaa na kuomboleza. Eusebio akakaa na mtu huyo mpaka kivuli kikarefuka. Kisha akainuka akafyatua safu nyingine.

Tanuri likapanda. Waliyapanga matofali kwa namna ya wazee wetu, yakiachiana nafasi moto upite, wakaacha midomo miwili chini, wakakandika pande zote kwa tope. Ikabaki kuwasha. Sasa, kwetu tanuri huwashwa na mwanamke wa nyumba, kwa kaa la jikoni kwake. Moto wa tanuri ni ule ule wa chungu umetoka kwenda kazini, ndivyo tulivyolelewa. Eusebio akamwendea Delmira na koleo.

"Niazime kaa."

"Siwezi."

"Delmira, ni kaa tu."

"Nitakupa unga, nitakupa chumvi, nitakupa blanketi langu. Moto wa tanuri lako haumo jikoni kwangu, nawe unajua uko wapi."

Akawasha kwa kiberiti, akikificha kwa mgongo kama anayefanya wizi.

Delmira alikuwa amemwonya. Matofali haya si kama ya mtoni, alisema, karatasi imo ndani, yakishashika yanajiwakia yenyewe. Ukiona yameshika, ziba midomo uondoke.

"Tofali haliwaki, doña Delmira," Eusebio alimjibu. "Tofali linawashwa. Baba yangu alilisha tanuri kuni mpaka safu ya juu kabisa ikawa nyekundu kama jicho la mlevi."

Lakini nisimsingizie baba yake mambo yote. Moto ulishika vizuri, na Eusebio aliliona joto likitoka ndani ya matofali yenyewe. Aliliona akalijua. Kisha akainua macho. Moshi ulikuwa mwembamba, wa kijivu, unafifia kabla ya kuufikia mti wa jirani. Kwa moshi ule hata nyumba ya nne isingejua kwamba kuna tanuri, sembuse Encarnación.

Akasimama anautazama moshi, anatazama ng'ambo. Halafu akachukua panga, akakata matawi mabichi ya mkalitusi na majani yake, akayasukuma mdomoni mwa tanuri. Akasukuma mengine. Moshi ukafura, mweupe na mzito, ukasimama juu ya mlima wetu ukaonekana kila mahali. Akina mama wakaanua nguo wakimtukana. Yeye hakusikia. Alikwenda kusimama pale mlima unapoanza kushuka, akavua kofia akaishika kifuani.

"Ndiyo mimi," alisema polepole. "Njoo."

Akarudi kutia matawi, akaenda kusimama, akarudi kutia. Kutwa nzima.

Tanuri lilipopoa wakalifungua, na ndani hamkuwa na matofali. Yalikuwa yameyeyuka yakashikana kuwa jabali moja jeusi, linang'aa kama chupa. Watu wa mtaa wakaja kulitazama.

"Hongera, don Eusebio," mmoja akasema. "Umefyatua tofali moja, lakini kubwa."

Hakujali kuchekwa. Alisubiri. Kila treni ilipovuka alihesabu muda wa mtu kutoka kituoni hadi kupanda mlima, na muda ulipopita alianza kuhesabu wa treni inayofuata. Alifagia nyumba. Alinyoa ndevu. Barabara ikaleta muuza gesi, ikaleta watoto wa shule, ikaleta mbwa. Zunilda haikumleta.

Jumamosi Delmira alivuka, akarudi na mafuta yake, akapita moja kwa moja kwa Eusebio kabla ya kutua kikapu.

"Hakuuona?" Eusebio akauliza.

"Aliuona. Alitoka nje na unga mikononi, akautazama mpaka dada yake akamwuliza kuna nini. Akasema, huo ni moshi wa kuni mbichi. Anayechoma matofali hatii kuni mbichi. Huyo ananiita, hachomi kitu. Akarudi kukanda."

Zunilda alikuwa ameishi na Eusebio ukingoni mwa mto maisha yake yote ya ndoa. Moshi aliujua kama wengine wanavyoujua mwandiko.

"Alisema kwa hasira?"

"Ingekuwa hasira ningekuambia. Alisema huku anafuta macho. Dada yake alipomwuliza, akasingizia moshi." Delmira akainua kikapu chake. "Na moshi uko huku kwetu."

Eusebio alilivunja lile jabali kwa nyundo, kipande kwa kipande. Kisha akaingia shimoni na Morena, ambaye safari hii hakubembelezwa. Wakafyatua upya, wakakausha, wakapanga. Akawasha tena kwa kiberiti, kwa aibu ileile, akatia kuni kavu kidogo tu. Matofali yaliposhika akaziba midomo kwa tope na kuketi juu ya mikono yake, maana mikono ilikuwa inataka kuni. Juu ya tanuri hapakuonekana kitu ila hewa inayotetemeka.

Walipofungua, alichukua mawili akayagonganisha. Yalilia vizuri, sauti kavu, sauti ya tofali lililoiva mpaka moyoni. Yalikuwa mekundu mepesi, na ukiyaangalia kwa karibu yana vijitundu vidogo mahali nyuzi zilipoungua zikaacha nafasi. Delmira alicheka, akamkumbatia Morena shingoni. Wauzaji wa vifaa vya ujenzi watayagombania haya, alisema. Watu wa mtaa waliotukana moshi wakaja kuuliza lori la tope linapita siku gani.

Na Eusebio? Alitazama mbingu. Ilikuwa safi. Ndipo shida yake yote ikamkalia wazi: tanuri lililochomwa vizuri halionekani ng'ambo. Angeweza kumwita mkewe kwa moshi na kuharibu kila tanuri, naye asiitike kwa sababu anaujua. Au angechoma matofali mazuri mpaka afe, na yule anayeanika nguo kule aendelee kuutazama mlima usio na kitu. Alipanga tanuri la tatu akiwa na jambo hilo kichwani. Lilipokamilika hakuliwasha. Alichukua tofali moja la lile la pili, akalifunga katika shati lake safi, akashuka kwenda kituo cha treni.

Alikuwa amekusudia kufumba macho darajani. Treni ilipofika katikati aligundua kwamba ameyafumbua. Aliyatafuta yote, tanuri, banda, mpera. Palikuwa na maji, ya kahawia, na kivuli cha treni kikipita juu yake. Alikuwa ameogopa miaka yote ile kwamba akipita hapa ataviona vitu vyake. Sasa aliona kwamba haviko, na hilo ndilo lililomliza, taratibu, tofali likiwa limemlalia magotini.

"Umebeba nini?" afisa wa forodha akamwuliza upande wa pili.

"Tofali."

"La nini?"

"La kumwonyesha mke wangu."

Afisa alilifungua shati, akaliona ni tofali, akayatazama macho mekundu ya Eusebio. Akalifunga tena mwenyewe.

Zunilda alikuwa uani kwa dada yake, mbele ya oveni ya udongo, anatoa chipa. Alikuwa amekonda kidogo. Alimwona, akaendelea mpaka ya mwisho, akafuta mikono.

"Umepita darajani," alisema.

"Nimepita."

"Ukatazama?"

"Nilitazama."

"Ukaona nini?"

"Maji."

Zunilda akaketi juu ya kigoda. Eusebio akalifungua shati, akampa. Yeye akalipima mkononi, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalisogeza sikioni akaligonga tena.

"Jepesi."

"Lilikuwa na karatasi ndani. Uchafu wa kile kiwanda cha juu. Imeungua imetoka."

"Letu lilikuwa zito zaidi."

"Letu liko majini, Zunilda. Na mpera, huenda ulikuwa kulia."

"Ulikuwa kushoto," alisema Zunilda. "Nilikumbuka nilipofika huku. Sikutaka kukupa raha hiyo."

Wakatazamana. Dada yake, aliyekuwa dirishani akijifanya anakatakata vitunguu, aliacha kukata.

"Hili uliliwasha na nini?" Zunilda akauliza.

"Kiberiti."

"Kiberiti." Alilirudia neno hilo kama anayesikia kwamba mumewe amekuwa akilala na viatu. "Na lile la kuni mbichi?"

"Kiberiti pia. Delmira alininyima kaa."

"Mungu ambariki Delmira."

"Kuna la tatu. Limepangwa, limekandikwa. Sijaliwasha." Alitaka kusema vizuri zaidi, alikuwa ameyapanga maneno toka kituoni, lakini yalikuwa yamemtoka. "Nyumba haina mtu, Zunilda. Nakunyooshea kikombe na hupo."

Zunilda aliinuka, akaingia ndani. Akatoka na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Akalijaza majivu nusu, akachagua makaa ovenini kwa koleo, mazito, yaliyoshika vizuri, akayalaza na kuyafunika majivu mengine.

"Hujasema kama unarudi," Eusebio akasema.

"Nimekuuliza ulivyowasha. Unadhani mimi nauliza maswali ya bure? Beba hicho kikapu."

Darajani walikaa bega kwa bega, kopo chini ya kitambaa, chipa juu yake zikipashwa. Afisa wa upande wetu aliwauliza wamebeba nini. Zunilda akampa chipa ya moto, na mwenye kula hana la kuuliza.

Tulikuwapo wengi alipowasha. Alipiga magoti mbele ya mdomo wa tanuri kwa gauni lake la safari, akamwaga makaa, akapuliza. Delmira alikuwa wa kwanza kujipenga kamasi na wa kwanza kusema kwamba ni vumbi. Moto uliposhika, Eusebio alitia kuni kavu kidogo, akangoja, akaziba midomo. Kisha akavileta viti viwili akaviweka kuelekea tanuri, akatengeneza tereré, akanyoosha kikombe upande wa kulia. Kikapokelewa.

Zunilda alikunywa akitazama juu. Palikuwa na kijiuzi cha kijivu tu, kinapanda, kinakatika.

"Moshi wenyewe ndio huu?"

"Ndio huu."

"Huu hata ningekesha dirishani nisingeuona."

"Najua," Eusebio alisema. "Ndiyo maana nilikuja."